Mkono usiotetemeka: historia ya kupiga picha bila trepie, kutoka Katanga ya zamani mpaka simu zetu



Siku moja, baada ya kipindi, mama mmoja aliyekimbia vita upande wa Mitwaba alinifuata na simu mkononi. Alitaka nione nyumba yake. Asubuhi ya kuondoka aliipiga video ya dakika mbili: nyumba, shamba, njia ya kwenda mtoni. Niliangalia mpaka mwisho. Niliona majani, anga, udongo, kidole chake, tena anga. Nikamuuliza, «Mama, nyumba iko wapi?» Akanijibu, «Mwanangu, si ni hii hapa!» Yeye aliiona kwa sababu aliijua. Mimi sikuiona. Na mtoto wake mdogo, aliyetoka kule akiwa mgongoni, naye aliangalia video ile kama mtu anayeangalia vumbi.

Toka siku ile nilianza kujiuliza: kuna watu wangapi kati yetu waliobeba ushahidi wa maisha yao katika simu, lakini ushahidi wenyewe unatetemeka mpaka hausomeki? Na wale waliopiga picha zamani, bila simu hizi zenye akili, walifanyaje? Leo ninataka tutembee katika historia hiyo. Mwishoni nitasema yale yanayoweza kumsaidia kila mtu.

Miguu mitatu ya kwanza

Sanaa ya kupiga picha ilitangazwa Paris mwaka wa 1839. Wakati ule mwanga ulihitaji muda mrefu kuandika kitu juu ya bamba: mara dakika kadhaa, baadaye sekunde kadhaa. Hakuna mkono wa binadamu unaoweza kukaa kimya dakika nzima. Damu inapiga, mapafu yanapanda na kushuka, misuli inachoka. Ndiyo maana kamera iliwekwa juu ya miguu mitatu, kile tunachokiita trepie. Miguu mitatu haina ubishi: hata udongo ukiwa na mabonde, mitatu yote inakanyaga. Meza ya miguu minne inayumba, kigoda cha miguu mitatu hakiyumbi.

Na haikutosha kamera itulie. Anayepigwa naye alipaswa kutulia. Katika studio za Ulaya waliweka chuma nyuma ya shingo ya mteja ili kichwa kisisogee. Kwa hiyo ukiona picha ya wazee wa zamani wamekaza uso kama watu wenye hasira, usiwahukumu haraka. Mara nyingi walikuwa wanajizuia tu kusogea.

Huku kwetu, kati ya 1898 na 1900, Charles Lemaire, afisa wa Dola Huru la Kongo, aliongoza safari ya kisayansi mpaka Katanga. Alikuwa na mpiga picha, François Michel, na mchoraji, Léon Dardenne. Mizigo ilikwenda kichwani na mabegani mwa wapagazi. Mwenye kamera alichagua pahali pa kusimamisha miguu mitatu, naye alisema nani asimame wapi. Picha zilizotoka ni safi, hazina mtetemo. Lakini katika picha za namna ile, mara nyingi tunalijua jina la aliyepiga, na hatulijui jina la aliyepigwa wala la aliyebeba sanduku la vioo.

Kisha ikaja kompani. Union Minière du Haut-Katanga iliundwa mwaka wa 1906, mji wa Elisabethville ukaanzishwa 1910, na tanuru ya shaba ikaanza kazi 1911. Kompani nayo ilipiga picha: wafanyakazi wamepangwa mistari, mashine mpya, nyumba za kambi. Kila kitu kimetulia, kila mtu amesimama alipoambiwa. Utulivu wa picha zile ulitoka kwenye trepie, na ulitoka pia kwenye amri.

Miaka karibu mia moja baadaye, mtoto wa Lubumbashi, Sammy Baloji, aliyezaliwa hapa mwaka wa 1978, alizirudia picha hizo. Katika kazi yake iitwayo Mémoire, ya mwaka wa 2006, alitoa watu katika picha za zamani akawaweka mbele ya majengo ya Gécamines yaliyoharibika leo. Picha za safari ya Lemaire pia alizifanyia kazi katika makumbusho ya Tervuren, Ubelgiji. Mwaka wa 2008 yeye na wenzake walianza kukusanya wapiga picha hapa mjini katika Rencontres Picha. Jina lenyewe ni letu: picha.

Picha iliyo wazi ni vigumu kuikana

Kabla hatujatoka wakati wa Leopold II, tusimame kidogo Baringa, katika Equateur. Mwezi wa tano 1904, baba mmoja aitwaye Nsala, wa kijiji cha Wala, alifika kwenye misheni na mzigo mdogo wa majani. Ndani yake kulikuwa mkono na mguu wa binti yake, mtoto mdogo aliyeuawa na walinzi wa kompani ya mpira. Mmisionari Mwingereza, Alice Seeley Harris, alimpiga picha Nsala amekaa kwenye baraza, akivitazama viungo vile mbele yake.

Sitaeleza zaidi. Wengi wenu mmeona mambo ambayo hayahitaji kuelezwa. Ninataka tu tuangalie jambo moja: picha ile iko wazi. Unaona uso wa baba. Unaona kilicho mbele yake. Haitetemeki. Ilioneshwa kwa taa ya picha katika mikutano mingi ya Uingereza na Marekani, pamoja na picha nyingine za Kongo, na mwaka wa 1908 Leopold alilazimika kuiachia serikali ya Ubelgiji nchi hii aliyoifanya mali yake. Mwandishi wa Marekani, Mark Twain, alimchekesha mfalme katika kijitabu chake cha 1905: alimfanya alalamike kwamba Kodak ndiye shahidi pekee ambaye hakuweza kumhonga.

Maneno ya wamisionari yalikuwa yamebishaniwa kwa miaka. Ungekuwa na picha yenye ukungu, wakubwa wangesema: hii ni fimbo, hii ni kuni, huyu mnamsingizia. Uwazi wa picha uliwafungia mlango huo.

Kamera inashuka mkononi

Wakati huohuo kamera ilikuwa inajifunza kutembea. Mwaka wa 1888 George Eastman wa Marekani aliuza Kodak, sanduku dogo la kushika mkononi, lenye filamu ndani badala ya vioo. Mwaka wa 1900 alitoa Brownie, kwa bei ya dola 1. Mwaka wa 1925 Wajerumani wakaleta Leica, ndogo ya kuingia mfukoni mwa koti, inayotumia filamu ya milimita 35. Filamu zilikuwa zimekuwa nyepesi kushika mwanga, na dirisha la kamera liliweza kufunguka kwa sehemu ya mia ya sekunde au chini yake. Katika muda mfupi namna hiyo, mtetemo wa mkono hauna nafasi ya kuonekana.

Wapiga picha wakajitungia hesabu ambayo bado inafundishwa. Lenzi ya milimita 50, usishuke chini ya sehemu ya hamsini ya sekunde. Lenzi ya milimita 200, usishuke chini ya sehemu ya mia mbili. Maana yake ni rahisi: lenzi inayovuta mbali karibu, inavuta na mtetemo wako pamoja nayo.

Bila mabadiliko hayo, kuna historia yetu ambayo isingepigwa picha. Tarehe 29 mwezi wa sita 1960, siku moja kabla ya uhuru, Mfalme Baudouin alikuwa anapita Léopoldville katika gari la wazi. Kijana mmoja, Ambroise Boimbo, akatoka katika watu, akanyakua upanga wa mfalme, akakimbia nao. Mpiga picha Mjerumani, Robert Lebeck, alibonyeza wakati uleule. Mtu mwenye trepie angekuwa bado anafungua miguu yake.

Mwezi wa kumi na mbili mwaka uleule, kamera zilimwona Patrice Lumumba amekamatwa, mikono imefungwa, akisukumwa na askari huko Léopoldville. Picha hizo zilizunguka dunia. Kisha, tarehe 17 mwezi wa kwanza 1961, aliletwa kwa ndege hapa Elisabethville pamoja na Maurice Mpolo na Joseph Okito. Usiku ule wakauawa. Kwa usiku ule hatuna picha ya kuangalia. Giza lile lilitengenezwa na watu.

Hapa Lubumbashi mchoraji alijaza pengo hilo. Tshibumba Kanda-Matulu, katika miaka ya 1973 na 1974, alichora historia nzima ya nchi katika michoro karibu mia moja, pamoja na kifo cha Lumumba. Wazee wanakumbuka michoro ya namna ile ilivyotundikwa sebuleni, na jina tuliloipa: ukumbusho. Pasipo kamera, mkono wa mchoraji ulishika kazi ya ushahidi. Lakini mchoraji anachora anachokijua na anachokiamini. Watu wanaweza kubishana naye mpaka kesho.

Waliopoteza miguu mitatu, na aliyepoteza mkono

Kuna mtu ambaye hakuacha trepie kwa kupenda. Mwaka wa 1946, Mfaransa Jean Rouch na rafiki zake wawili walianza kushuka mto Niger kwa mtumbwi. Rouch alikuwa na kamera ya sinema ya kushika mkononi, na safarini akapoteza trepie yake. Ikambidi aendelee bila hiyo. Alijifunza kuegemea, kukaa chini, kutembea na kamera polepole katikati ya watu. Baadaye akawa mwalimu wa wapiga sinema wengi, na mara nyingi hakutaka tena trepie: kwake, kamera iliyosimamishwa pembeni ilikuwa inawaangalia watu kutoka nje, na kamera iliyo mkononi ilikuwa inaingia nao katika duara.

Mwingine ni wetu wa Afrika Mashariki: Mohamed Amin, aliyezaliwa Nairobi mwaka wa 1943 na kukulia Dar es Salaam. Wengi walimwita Mo. Mwezi wa kumi 1984, pamoja na mwandishi Michael Buerk wa BBC, alipiga filamu ya njaa Korem, kule Ethiopia. Kamera za siku zile zilikaa begani, nzito. Lakini ukiangalia picha zile, utaona jinsi zinavyokaa juu ya uso wa mtu, zikimpa muda, hazikimbii. Dunia ilitikisika, misaada ikaanza kuja.

Mwaka wa 1991, ghala la silaha lililipuka Addis Ababa. Mo akapoteza mkono wa kushoto. Kwa mpiga sinema wa begani, hiyo ingekuwa mwisho. Yeye alitafuta mkono wa bandia unaoweza kushika kamera, akarudi kazini. Alikufa tarehe 23 mwezi wa kumi na moja 1996, katika ndege ya Ethiopian Airlines iliyotekwa na kuanguka baharini karibu na Komoro. Ninamkumbuka kila mara ninaposikia mtu akisema hawezi kupiga picha nzuri kwa sababu hana vifaa.

Mama mwenye bidoni kichwani

Wenye viwanda nao walitafuta dawa. Katikati ya miaka ya 1970, Mmarekani Garrett Brown alitengeneza Steadicam: koti la kuvaa kifuani, mkono wenye springi, na fito yenye kamera juu na uzito chini. Wale walioangalia Rocky ya mwaka wa 1976 kwenye video za mtaani wanakumbuka yule mwanamasumbwi akipanda ngazi mbio. Kamera inamfuata na haitetemeki. Ni kifaa hicho.

Lakini ndugu zangu, mtu wa Lubumbashi hahitaji kwenda Marekani kuelewa siri yake. Maji yakikatika, simama asubuhi kwenye njia ya Katuba au Kisanga uangalie mama anayetoka kisimani na bidoni ya litra 20 kichwani. Magoti yake yamelegea kidogo. Miguu inakwenda, kiuno kinameza kila mshtuko, na kichwa kinapita kama kiko juu ya reli. Maji hayamwagiki. Mama huyo ni Steadicam. Na uzito wenyewe unamsaidia: kitu kizito hakigeuki haraka, chepesi kinarukaruka. Ndiyo maana simu, ambayo ni nyepesi kama kipande cha sabuni, inatetemeka kuliko kamera kubwa ya zamani.

Katika miaka ya 1990 dawa iliingia ndani ya kamera yenyewe. Nikon walitoa kamera ya namna hiyo mwaka wa 1994, Canon wakatoa lenzi mwaka wa 1995: kijimashine kinahisi mtetemo na kusogeza kioo upande wa pili ili kuufuta. Leo simu nyingi zina kitu cha namna hiyo. Kinafuta mtetemo mdogo wa mkono. Hakiwezi kumsaidia mtu anayezungusha simu kama anayefukuza nzi.

Basi tufanyeje?

Haya ni mambo ambayo wapiga picha wa zamani walijifunza kwa taabu, na hayagharimu franka hata moja.

Shika simu kwa mikono miwili, viwiko vibane mbavu. Mkono ulionyooka mbele unatetemeka. Kiwiko kilichobanwa kinakopa uzito wa mwili mzima. Tenga miguu, mmoja mbele kidogo. Pumua, toa pumzi nusu, ndipo ubonyeze.

Tafuta cha kuegemea. Ukuta, mwembe, mlango wa gari, bega la ndugu yako. Ukikaa chini na kuweka viwiko juu ya magoti, tayari umepata miguu mitatu: magoti mawili na makalio. Mfuko wa mchele au wa mchanga juu ya jiwe, hata gunia la makala, unashika simu kuliko mkono wa kijana mwenye nguvu.

Wenye kamera ndogo, kuna ufundi wa kamba. Funga kamba chini ya kamera, iteremke mpaka chini, ukanyage mwisho wake, kisha vuta kamera juu mpaka kamba ikaze. Mkono unaovuta kitu kilichokaza hautetemeki sana.

Usivute picha karibu kwa vidole. Tembea wewe, kama njia ni salama. Tafuta mwanga, kwa maana katika giza kamera inafungua dirisha muda mrefu na kila mtetemo unaandikwa.

Kwa video, lala simu upande. Anza na pahali pamoja, hesabu moja mpaka kumi bila kusogea. Kisha pahali pa pili, hesabu tena. Nyumba kwa mbele: kumi. Mlango: kumi. Mti ulio karibu, mlima ulio nyuma: kumi. Usipeperushe simu kutoka hapa mpaka kule. Ukilazimika kutembea, tembea kama mama wa bidoni. Na sema kwa sauti: leo ni tarehe fulani, hapa ni pahali fulani, nyumba ya fulani. Mimi ni mtu wa redio, niamini: siku picha itakapopotea, sauti inaweza kubaki.

Neno la tahadhari. Kuna pahali ambapo kutoa simu mfukoni ni kuitafuta hatari. Hakuna picha inayopita uhai. Na usipige uso wa mtu aliye katika taabu bila kumuomba ruhusa. Tulishapigwa picha za kutosha kwa amri.

Kwa nini haya yote?

Kwa sababu picha inarudisha watu. Baada ya 1994, katika kambi za wakimbizi zilizozunguka Goma, watoto waliopotezana na wazazi walipigwa picha, na picha zikabandikwa ili mama au shangazi apite na kusema: huyu ni wetu. Fikiria mama amesimama mbele ya ubao ule, na uso wa mtoto wake umetokea kama ukungu. Angepita.

Na kwa sababu sisi wa Katanga tunajua kuondoka. Mwaka wa 1992 na 1993, ndugu zetu wenye asili ya Kasai walipofukuzwa Likasi na Kolwezi, wengi walikaa miezi kwenye vituo vya gari la moshi wakingoja treni. Baadaye wakaja waliotoka Mitwaba, Pweto na Manono. Kila mara watu walibeba walichoweza, na katika nyumba nyingi nilizoingia, kilichobebwa pamoja na sufuria na mfuko wa karatasi za shule ni picha chache. Ukumbusho.

Nilirudi kwa yule mama wa Mitwaba. Tuliiangalia video yake tena, tukaisimamisha kidogo kidogo, picha moja moja. Karibu na mwisho, alipochoka, alikuwa ameegemea kitu, pengine mti. Simu ilitulia sekunde mbili hivi. Pale pakatokea mlango wa mbao, ukuta wa matofali, na kuku mmoja amesimama. Tukaitoa picha ile moja. Alimwita mtoto. «Ona,» alisema, «hapa ndipo ulipozaliwa.» Safari hii mtoto aliuliza kuku yule alikuwa wa nani.

Sekunde mbili zilitosha. Ukipata siku ya kupiga kwenu, jipe kumi.

 Mungu awarudishe salama wote walio njiani.